Mikono Mifupi ya Sweta za Kwaya

Jumamosi, tarehe kumi na tatu mwezi wa saba. Baridi. Ukungu umeshuka hadi kwenye mabati ya maduka, manyunyu kidogo, jua hakuna.

Hivyo ndivyo daftari langu linavyosema, na chini yake nimeandika maneno mawili tu: leo anakuja. Sikuandika zaidi siku hiyo kwa sababu mikono ilikuwa imejaa kazi. Sasa ni mwaka wa pili tangu siku hiyo, mtoto yuko darasa la kwanza, na nimeona niiandike yote kabla sijaanza kuikumbuka vile ninavyopenda badala ya vile ilivyokuwa. Mimi si mwandishi. Nilitoka shule darasa la nane, na Kiswahili changu ni cha huku milimani, hakijawahi kuiona bahari. Mke wangu husema ninaandika kama mtu anayetoa ushahidi. Yeye ni polisi, kwa hivyo sijui kama hiyo ni sifa ama ni lawama.

Mimi ni fundi wa sweta hapa Mweiga. Chumba cha mbele kinachotazama barabara ndicho duka, cha nyuma ndicho nyumba. Sina mfanyakazi. Anayenunua uzi Nyeri ni mimi, anayefuma ni mimi, anayeshona, anayepiga pasi, anayepeleka mzigo soko la Karatina ni mimi, na mteja akija na malalamiko, wa kulalamikiwa pia ni mimi. Hilo la mwisho ndilo gumu, maana huwezi kumwambia mtu angoje mwenye duka arudi.

Mke wangu ametoka magharibi, upande wa Bungoma. Alikuwa amepelekwa kituo cha huku wakati alipoingia dukani kwangu na sweta ya kazi iliyochanika kiwiko, nikaishona, akarudi kusema nimeishona vibaya. Alisema kweli. Nikaishona tena. Nyumbani tunaongea Kiswahili kwa sababu Kigikuyu chake kinaishia kwa salamu, na Kibukusu changu hakijaanza. Mtoto wetu wa kike alipokuwa na miaka mitatu, mama yake akahamishiwa Kangari, kule kwenye majani chai. Alipewa nusu ya chumba, ile nusu nyingine ilikuwa ya askari mwenzake, na zamu zilikuwa za mchana na za usiku. Tukakubaliana mtoto abaki na mimi. Haukuwa uamuzi mgumu wakati huo. Ugumu ulikuja baadaye, mwaka na nusu hivi, alipopata chumba chake mwenyewe, na shule ya chekechea ikawa hatua chache kutoka kwa lango la kituo.

Aliniambia kwa simu mwezi wa sita. Hakupandisha sauti.

"Nikija ofu ya mwezi wa saba tutaangalia hiyo maneno," alisema. "Kama uko na muda ya mtoto, akae. Kama huna, wacha nimchukue. Sitaki tugombane."

"Hatutagombana."

"Na usinipangie mambo vizuri siku moja ati kwa sababu nakuja. Nataka kuona vile mnaishi."

Nilimwambia sawa. Yeye pia ni mzazi, na katika mwezi mzima alikuwa anamwona mtoto siku mbili. Nikijiweka mahali pake, mimi ningeuliza mapema kuliko alivyouliza.

Sasa, karibu na wakati huo huo, mwalimu mkuu wa shule moja ndogo ya juu huko, njia ya kwenda msituni, akaniletea kazi ya sweta thelathini. Zilikuwa za kwaya ya watoto, rangi ya damu ya mzee, na mstari wa manjano shingoni. Watoto walikuwa wanaenda kuimba mashindano Jumanne ya tarehe kumi na sita mwezi wa saba, na sweta zilitakiwa Jumatatu. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote nilizokuwa nimepata kwa mteja mmoja. Niliikubali kabla hajamaliza kuongea. Sasa najiuliza kama niliikubali kwa sababu ya familia, kama nilivyomwambia kila mtu, ama kwa sababu nilitaka kuonekana fundi mkubwa. Naona ni yote mawili, na la pili lilizidi kidogo.

Hapa lazima nieleze namna ninavyofanya kazi, la sivyo kosa lenyewe halitaeleweka.

Mashine yangu ni ya mkono. Unasukuma kichwa chake kwenda kulia, umefuma mstari mmoja, unakirudisha kushoto, umefuma wa pili. Mashine ikiwa nzima huwa na kidude cha kuhesabu mistari. Yangu ilifika kwangu kidude kikiwa kimekufa, na mzee wa Karatina aliyenifundisha kazi na kuniuzia hiyo mashine alikuwa anahesabu kwa vifuniko vya soda. Unaweka mikebe miwili, mmoja kushoto, mwingine kulia. Kila mistari kumi, kifuniko kimoja kinatoka mkebe wa kushoto na kuingia wa kulia. Mkono wa sweta ya mtoto wa miaka kumi ni vifuniko kumi na kimoja. Mkebe wa kushoto ukiwa mtupu, mkono umekwisha. Uzuri wake ni kwamba mteja akikuita mlangoni, unaenda, unaongea, unarudi, na hesabu imekungoja pale pale. Nimefuma hivyo miaka tisa na nilikuwa najivunia.

Mtoto alikuwa anarudi kutoka chekechea saa sita mchana. Tukishakula, anakaa juu ya gunia la uzi kando yangu. Mwezi huo alikuwa na haja moja tu, kwenda kuona ndama aliyezaliwa kwa jirani mmoja kule chini karibu na mto. Si mbali, ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu yake mifupi.

"Vifuniko vikiisha, tunaenda," nikamwambia.

Vikaisha. Nikavirudisha vyote mkebe wa kushoto, nikaanza mkono mwingine.

"Baba, si vimeisha?"

"Hii moja tu. Dakika moja."

Nilisema hivyo Jumatatu ya wiki ile ya mwisho, migongo na vifua vikiwa vimekwisha, imebaki mikono tu. Nikasema hivyo Jumanne. Kuanzia hapo sikumbuki vizuri ni mara ngapi, na sitaki kubahatisha. Ninachokumbuka ni kwamba kutoka Jumatatu hadi Alhamisi, mara tatu, jioni ikikaribia, nilimpeleka akae kwa Cucu hadi usiku, kwa sababu alikuwa anauliza na mimi nilikuwa nachoka kujibu. Cucu si nyanya yetu wa damu. Ni mjane mwenye hoteli ndogo ya chai na mandazi mlango wa pili kutoka kwangu, na mtoto alianza kumwita hivyo mpaka na mimi nikazoea. Hakuwahi kunikatalia. Lakini mara ya tatu alinitazama juu ya miwani akauliza, "Leo tena?" Nikajifanya sikusikia.

Ijumaa baada ya chakula nikaanza kushona. Kufikia wakati huo nilikuwa na migongo thelathini, vifua thelathini na mikono sitini, yote imelala kwenye masanduku. Sweta ya kwanza ikatoka vizuri. Ya pili nikaikunja katikati nilinganishe mikono, na mmoja ukawa mfupi kuliko mwenzake kwa upana wa vidole vinne.

Nilifikiri nimeona vibaya. Nikachukua ya tatu. Nikachukua mikono yote, nikaitandaza juu ya kitanda mmoja mmoja. Mifupi ilikuwa ishirini na mitatu. Mingine ilipungua kidogo, mingine ilipungua kiasi cha kumfika mtoto katikati ya mkono.

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa baya. Nilimpigia simu mwenye duka la uzi kule Nyeri nikamwambia ameniuzia uzi unaosinyaa, nikasema na maneno mengine ya fundi aliyekasirika. Yeye akaniuliza kwa upole kama nimeufua. Sikuwa nimeufua. Nikakata simu.

Mtoto alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha nyuma.

"Baba, umekasirika?"

"Sijakasirika. Nashangaa."

"Ni mimi nilikusaidia."

"Ulinisaidia nini?"

"Ukienda kuongea na watu kwa mlango, mimi nilikuwa nakuhamishia vifuniko. Mbili. Siku ingine tatu." Alinionyesha kwa vidole, mkono mmoja ukihamia mwingine. "Ndio viishe haraka, twende."

Niliketi juu ya kitanda, juu ya mikono ya sweta.

"Na hatukuenda," nikasema.

"Hatukuenda," akasema, kama mtu anayenisaidia kukumbuka.

Nataka niwe wa haki hapa, kwa sababu nimesimulia kisa hiki kwa watu na wote hucheka na kusema watoto ni watoto. Mtoto hakukosea. Mimi ndiye niliyemwambia vifuniko vikiisha tunaenda. Yeye alishika upande wake wa mapatano, tena akaufanyia bidii. Na fundi anatakiwa kutazama mkono wa sweta, si mkebe. Ni kweli kwamba kitambaa kikiwa kwenye mashine kinavutwa na vyuma vya uzito, na kikitoka kinajikunja kama jani kavu, kwa hivyo ufupi hauonekani haraka. Lakini najua mafundi ambao wangeuona. Yule mzee wa Karatina angeuona akiwa amefumba jicho moja. Mimi sikuona kwa sababu akili ilikuwa inakimbilia mkono unaofuata.

Nilimpigia tena mwenye uzi, nikamwambia kosa ni langu na mtoto ndiye aliyehamisha hesabu.

"Sawa, fundi," akasema. "Lakini huyo mtoto usimlete kwa duka yangu. Atauza kilo tatu kama mbili."

Nikabaki na hesabu yangu. Kutengeneza mikono ishirini na mitatu upya na kushona sweta zote kungechukua Jumamosi yote, Jumapili yote, na usiku. Ningeweza. Nataka isemwe kwamba ningeweza, maana nimewahi kufanya zaidi ya hiyo wakati sina mtoto. Lakini mama yake angeingia Jumamosi mchana anikute nimempa mlango mgongo, natoka jasho kwenye baridi, na mtoto yuko kwa Cucu. Hakungekuwa na la kuzungumza. Angemvalisha viatu waende.

Ndipo likanijia wazo lingine, ambalo naandika kwa aibu. Nilijaza mikono mifupi na zile nguo ambazo hazijashonwa kwenye gunia, nikalibeba hadi kwa Cucu. Nilitaka mke wangu akute duka safi, baba ametulia, mtoto yuko mapajani. Sweta ningejua mbele kwa mbele.

Cucu alikuwa anageuza mandazi.

"Nini iko kwa gunia, Baba?"

"Ni mikono, Cucu."

"Mikono ya nani?"

"Ya kwaya."

Alicheka hadi akaweka kijiko chini. Kisha akalitazama gunia tena.

"Ati unaficha bibi yako asione?"

"Sifichi. Naweka tu, mpaka Jumapili jioni."

"Huyo ni polisi. Ataingia kwa nyumba, atasimama hapo katikati, atakuuliza gunia iko kwa nani." Akarudi kwa mandazi yake. "Mimi sikatai kukuwekea, weka hapo nyuma ya unga. Lakini akiniuliza, mimi ni mtu wa kanisa."

Nililiweka nyuma ya unga. Nikanywa chai yake nusu kikombe. Kisha nikalitoa nyuma ya unga nikalirudisha nyumbani, na Cucu akanifungulia mlango kwa sababu mikono yangu ilikuwa imejaa.

Jumamosi mke wangu akafika, saa saba hivi. Alikuwa na mkoba wake wa kawaida begani, na mkononi alikuwa na begi kubwa la nguo, tupu, limejikunja. Nililiona kabla sijaona uso wake. Nadhani na yeye aliona kwamba nimeliona, kwa sababu alilisukuma nyuma ya mlango kwa mguu.

Mtoto alifanya kama anavyofanya kila mara. Alikimbia hadi katikati ya duka, akasimama, akarudi kujificha nyuma ya mguu wangu. Huwa ni dakika chache tu za aibu, kisha anafunguka na hanyamazi tena. Lakini dakika hizo mama yake hutazama ukuta. Nimeona hivyo kila akija, na sijawahi kumwambia kwamba nimeona.

"Afande, karibu," nikasema.

"Asante, fundi. Habari ya hapa?"

"Kuna kitu nataka kukuambia kabla hujaketi."

"Basi wacha niketi ndio niambiwe."

Akaketi juu ya gunia la uzi. Nikamwambia yote, nikiwa nimesimama, kwa mpangilio: ndama, vifuniko, mara tatu kwa Cucu, mikono ishirini na mitatu, na gunia nililopeleka nyuma ya unga na kulirudisha. Wakati wote mtoto alikuwa anachungulia kutoka nyuma yangu, na mahali nilipopunguza, aliongeza.

"Umemaliza?" mke wangu akauliza.

"Nimemaliza."

"Hiyo ya dakika moja umeiruka."

"Gani?"

"Kila nikipiga simu namuuliza, baba anafanya nini? Ananiambia, baba anafanya dakika moja. Mimi nilifikiri ni aina ya sweta."

Sikujua nicheke ama nilie. Yeye hakucheka. Aliokota mkono mmoja kutoka kwenye gunia, akauvuta juu ya mkono wake, ukaishia karibu na kiwiko, akaugeuza huku na huku.

"Hii itafaa wale wa kuinua mikono kwa Bwana," akasema. Hapo mtoto akatoka nyuma ya mguu wangu akaenda kuvuta ule mkono, na aibu ikawa imeisha. "Sasa unafanya nini?"

"Nilikuwa nafikiria nimpigie mwalimu."

"Piga tukiwa hapa."

Mwalimu mkuu ni mama wa Ukambani, amefundisha huku milimani miaka mingi, na ana sauti ya kuita wanafunzi kutoka upande wa pili wa uwanja. Sikuhitaji kuweka simu kwa spika.

"Mwalimu, ni fundi wa sweta. Kazi yako imepata shida, na ni makosa yangu."

"Nilijua. Nyinyi mafundi mlisoma shule moja? Mnafundishwa huo wimbo wiki ya kwanza?"

"Nikichagua ile mikono mizuri, sweta kumi na nane zitakuwa kamili Jumatatu asubuhi. Zile kumi na mbili nitakuwa nazo Jumatano."

"Wanaimba Jumanne, fundi. Jumatano watavaa wakienda wapi?"

"Nakuelewa, Mwalimu."

"Huwezi kukaza? Siku mbili hizi?"

Mke wangu alikuwa anatazama mtoto, hakunitazama mimi. Mtoto alikuwa amevaa mikono miwili ya sweta miguuni kama soksi.

"Naweza kukaza," nikasema, "lakini mke wangu amekuja nyumbani leo. Tuko na yeye siku mbili tu."

Mwalimu akasema, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba atachukua kumi na nane na kutafuta kumi na mbili kwa fundi mwingine kule Nyeri, na kwamba kuhusu kazi ya muhula unaofuata, tutaona. Nilijua maana ya tutaona. Kazi hiyo haikurudi, na simlaumu. Alikuwa na watoto thelathini wa kupanga jukwaani na aliniamini. Nikikutana naye barabarani hadi leo ananisalimu vizuri, na mimi nikimsalimu naangalia mikono ya sweta yake.

Nilipokata simu mke wangu alivua viatu, akauliza mwisho wa uzi uko wapi. Nikamwonyesha, maana mkono wa sweta hufumuliwa kutoka mahali ulipomalizikia, si ulipoanzia. Akampanga mtoto mbele yake, mikono imenyooshwa, akaanza kumzungushia uzi. Mimi nikaketi kushona zile kumi na nane. Uzi uliofumuliwa hutoka umejikunja kunja kama nywele zilizokuwa zimesukwa, na haufumiki hivyo. Lazima upitishwe kwenye mvuke. Tukaweka sufuria ya maji kwenye jiko, chumba kikajaa harufu ya sufu iliyolowa, na mvuke na ukungu wa nje vikawa kitu kimoja. Mtoto aliuliza maswali. Alimwuliza mama yake kama wezi wa Kangari ni wakubwa kuliko wa Mweiga, na kama polisi hulala na viatu. Alijibiwa kila swali. Mimi nilikuwa nasikiliza, sindano ikienda, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo sikuwa nangoja chochote kiishe.

Saa tisa nikaweka kazi chini na kufunga mlango wa mbele. Nilifunga tu, sikuwa nimepanga. Tukateremka kule chini, matope hadi kwenye vifundo. Ndama hakuwepo. Mwenyewe alikuwa amemhamishia shamba la ndugu yake siku mbili kabla. Tukamwona mama ng'ombe na ndoo. Nilijisikia vibaya sana, lakini mtoto alimtazama ng'ombe kwa muda, akauliza kwa nini ulimi wake ni mrefu hivyo, akaridhika. Mama yake alimbeba mgongoni wakati wa kupanda, na mimi nikabeba viatu.

Tuliporudi, mtoto akalala kidogo juu ya gunia, na sisi tukaongea.

Nilijaribu kusema mazuri ya Kangari. Nilisema ile chekechea yao ina walimu wawili kwa kila darasa na yetu ina mmoja. Nilisema mtoto wa kike anamhitaji mama yake. Nilisema kwamba yeye akiwa kazini anajulikana yuko kazini, na akiwa nyumbani yuko nyumbani, lakini mimi niko nyumbani wakati wote na siko.

"Unanisaidia kesi yangu?" akauliza.

"Nasema tu vile ilivyo."

Alikaa akinyoosha fundo la uzi kwa kucha. Kisha akasema mambo ambayo sikuyategemea. Alisema zamu ya usiku ikifika, mtoto atalala na msichana wa kazi ambaye yeye mwenyewe hamjui vizuri. Alisema kuna siku huitwa akiwa amevaa kandambili, anakula, na lazima aache sahani hapo.

"Leo nikija na hiyo begi, nilikuwa nimeamua," akasema. "Kutoka stendi mpaka kwa mlango nilikuwa nimeamua."

"Na sasa?"

"Mimi siwezi kufunga stesheni saa tisa. Wewe unaweza kufunga mlango. Leo nimekuona ukifunga."

"Ni leo tu, Afande. Sitaki kukudanganya. Sijui kama nitaweza kila siku."

"Andika kwa hiyo daftari yako. Siku umefunga, andika. Siku hujafunga, andika. Mimi nikija nitasoma."

"Kama kitabu cha matukio."

"Kama kitabu cha matukio. Na mwisho wa mwaka tunaangalia tena. Sijasema nimemwacha."

Hivyo ndivyo mtoto alivyobaki. Nimeandika, kama alivyosema. Kuna wiki ambazo daftari linanisifu na wiki ambazo nikilisoma natamani kurarua. Disemba nilifunga mlango siku nyingi kuliko nilivyotarajia. Januari, wakati wa sare za shule, nilianguka vibaya. Sasa nachukua kazi ndogo ndogo, na fundi wa Nyeri amekuwa mkubwa kunishinda. Zile sweta kumi na mbili nilizibadilisha shingo nikaziuza Karatina moja moja, polepole. Kila mwisho wa mwaka tumeangalia tena, na kila mara hadi sasa amesema wacha akae. Sijui kama nastahili. Najua tu kwamba nimepewa, na kwamba aliyenipa angeweza kukataa na angekuwa na haki.

Jumamosi hiyo mke wangu alipika. Tulikula ugali na mrenda uliochanganywa na kunde, mboga alizotoka nazo Kangari, alikopewa na mama mmoja wa kwao anayeuza sokoni. Mtoto akakaangiwa yai kwa sababu hapendi mrenda. Mimi pia siupendi sana, lakini sahani ilipoisha niliongeza.